Je, Dawa ya Jino Bovu Ni Kung'oa Tu?

Karani mmoja ameniletea barua yenye malalamiko, nami naona yafaa kuijibu mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa jambo lililompata yeye huwapata wengi. Asema ya kuwa mwaka jana gego lake la juu, upande wa kushoto, lilimwuma siku nyingi hata akakosa usingizi. Akaenda kwa daktari wa meno, naye akamwambia kwamba jino laweza kuokolewa. Basi likatobolewa, mizizi yake mitatu ikasafishwa, likazibwa, naye akalipa fedha ambazo zingetosha karo ya mtoto wake kwa muhula mzima. Maumivu yakakoma. Lakini baada ya miezi minane akaona kwamba kila akitafuna upande ule jino lamchoma, kisha kikatokea kijipu katika ufizi, ambacho hutoa usaha, hukauka, na baada ya siku chache hutoa usaha tena.

Rafiki zake wa ofisini wamemcheka. Wamemwambia, "Wazee walisema dawa ya jino bovu ni kung'oa, nawe ukajifanya mjuzi kuliko wazee." Sasa ndugu yetu auliza maswali mawili. La kwanza, je, daktari yule alimdanganya? La pili, je, aling'oe jino hilo apate kupumzika?

Maswali hayo ni mazuri, lakini hayajibiki kwa neno moja. Kabla ya kumjibu hatuna budi kwanza kujua jino lilivyo ndani, na hasa mizizi yake, maana humo ndimo ilimo siri ya jambo lote.

SEHEMU ISIYOONEKANA

Mtu akijitazama katika kioo huona sehemu ndogo tu ya jino. Sehemu kubwa imezikwa katika mfupa wa taya. Ni kama shamba la mihogo. Apitaye njiani huona majani na shina tu, lakini mwenye shamba ajua ya kuwa chakula chenyewe kimo chini, tena hawezi kusema shina hili lina mihogo mingapi wala imepinda namna gani mpaka afukue.

Juu ya jino pana ganda jeupe, nalo ni gumu kuliko kitu chochote kingine mwilini mwa mtu. Chini ya ganda hilo pana kitu kifananacho na mfupa. Katikati kabisa pana chumba kidogo chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Nyama hiyo twaweza kuiita kiini cha jino. Kutoka chumba hicho hushuka mifereji myembamba ndani ya mizizi mpaka nchani, ambako pana tundu dogo sana, kadiri ya robo ya milimita. Kwa tundu hilo damu huingia na kutoka.

Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Meno ya mbele na machonge kwa kawaida huwa na mzizi mmoja mmoja. Magego madogo yanayofuata machonge huwa na mzizi mmoja au miwili. Magego makubwa ya chini huwa na mizizi miwili, na ya juu huwa na mitatu, yaani miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa. Hiyo ndiyo hesabu ya kawaida ambayo kila mwanafunzi wa udaktari wa meno hujifunza. Tutaona sasa hivi kwamba hesabu hiyo haitoshi.

UGONJWA UNAVYOINGIA

Vijidudu vya kinywani hula sukari tuliyoila sisi, navyo hutoa asidi inayoyeyusha ganda la jino kidogo kidogo. Tundu likikiacha ganda na kufika kwenye kiini, kiini huvimba. Ukichomwa na mwiba mguuni, nyama hupata nafasi ya kuvimba kwa nje. Lakini kiini cha jino kimefungwa katika chumba chenye kuta ngumu, wala hakina pa kupanukia. Damu hukwama, maumivu huwa makali, na mwishowe kiini hufa.

Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Kiini kikifa, maumivu hukoma, na mtu hufurahi akisema amepona. Hakupona. Mshipa uliokuwa ukimpa habari ndio uliokufa, na vijidudu sasa vina nyumba isiyo na mlinzi. Huteremka kwa mfereji mpaka nchani mwa mzizi, vikaanza kuharibu mfupa wa taya.

Mwaka 1965 wataalamu wa Marekani walionyesha kwa wazi ya kuwa vijidudu ndivyo vyenye hatia. Walitoboa meno ya panya wa aina mbili: panya wa kawaida, na panya waliolelewa mahali pasipo kijidudu hata kimoja. Meno ya panya wa kawaida yalioza ndani na kufanya majipu. Meno ya wale wengine yalianza kujiponya, ingawa chakula kiliingia ndani ya matundu. Basi kazi ya mganga wa meno ni kuviondoa vijidudu na kuvizuia visirudi.

KAZI YA DAKTARI

Matibabu ya mzizi huendelea hivi. Daktari hutia dawa ya ganzi. Kisha huvika jino kitambaa chembamba cha mpira ili mate yasiingie, kwa kuwa mate yamejaa vijidudu. Hutoboa jino juu, huingia katika kile chumba, naye hutafuta mdomo wa kila mfereji. Kisha huingiza tupa ndogo, nyembamba kama sindano. Zile nyembamba sana, ncha yake haifiki unene wa sehemu ya kumi ya milimita. Tupa za namna hii zina asili ya zamani: mwaka 1838 daktari Edward Maynard wa Marekani alitengeneza moja kwa kutumia kamani ya saa.

Tupa hukwangua kuta za mfereji, na dawa ya maji humiminwa humo mara nyingi ili iue vijidudu na kuyeyusha masalio ya kiini. Mfereji ukiwa safi na mkavu huzibwa kabisa mpaka karibu na ncha, kwa gutapacha, yaani utomvu ulioganda wa mti mmoja wa nchi za Malaya. Mwisho jino huzibwa juu, na likiwa gego hufaa livikwe kofia ngumu, kwa kuwa jino lililotobolewa hupasuka upesi.

Msomaji ataona mwenyewe ya kuwa kazi hiyo yote yategemea neno moja: daktari awe ameiona mifereji yote. Mfereji mmoja ukisahauliwa, vijidudu vilivyomo huendelea na kazi yao kama kwamba hakuna lililofanyika. Mkulima anayesumbuliwa na fuko alijua hili zamani. Ukiziba njia mbili za fuko ukaacha ya tatu, hukumzuia fuko. Kesho utaona udongo mpya pale pale penye viazi vyako.

HESABU ISIYOKUBALI KUTULIA

Je, mifereji ni mingapi? Katika Uswisi, mjini Zürich, alikuwapo mtaalamu aliyeitwa Walter Hess. Alichukua meno ya watu yaliyokwisha ng'olewa, zaidi ya 2,000, akasukuma mpira laini ndani yake mpaka ukajaza kila mfereji. Mpira ulipokuwa mgumu aliyatia meno katika asidi. Jino likayeyuka, ukabaki mpira peke yake, wenye umbo halisi la mifereji. Kitabu chake kilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1925, na waliokiona walishangaa. Walidhani mfereji ni kama mwanzi ulionyoka. Waliona kitu kama mto wenye vijito: mifereji inayogawanyika na kukutana tena, mingine yenye matawi ubavuni, mingine yenye ncha mbili au tatu.

Mwaka 1984 Frank Vertucci wa Marekani alitoa habari za meno 2,400 aliyoyafanya yapenywe na nuru kama kioo, baada ya kutia rangi ndani ya mifereji. Aliipanga mifereji katika namna nane. Uko mfereji mmoja unaoshuka peke yake. Iko miwili inayoungana kabla ya kufika nchani. Uko mmoja unaogawanyika chini kuwa miwili. Iko miwili isiyokutana kabisa, na kadhalika mpaka ule wa nane, ambao ni mifereji mitatu katika mzizi mmoja.

Sasa tulitazame lile gego la juu, kwa kuwa ndilo jino la karani wetu. Lina mizizi mitatu, na kwa muda mrefu watu walidhani lina mifereji mitatu. Lakini ule mzizi wa mbele upande wa shavu si wa mviringo. Ni bapa, kama ubao uliosimamishwa. Ndani yake, katika zaidi ya nusu ya meno ya namna hii yaliyochunguzwa, mmekutwa mfereji wa pili, mwembamba sana, na mdomo wake umefichwa chini ya kizingiti kidogo cha jino lenyewe. Daktari asiyeutafuta hatauona.

Kwa nini picha ya eksirei haiuonyeshi? Sababu ni rahisi. Picha hupigwa kutoka upande wa shavu, na mifereji hiyo miwili imepangana mmoja nyuma ya mwenziwe. Watu wawili wakisimama mbele yako, mmoja nyuma ya mwingine, utaona mmoja tu. Ukisogea kando kidogo ndipo utaona kuwa ni wawili. Kwa hiyo daktari mwangalifu hupiga picha ya pili kwa kuielekeza upande.

Meno mengine pia yana siri zake. Gego la kwanza la chini kwa kawaida lina mifereji mitatu, lakini katika mengi hupatikana wa nne. Meno ya mbele ya chini, madogo kama yalivyo, si machache yenye mifereji miwili katika mzizi mmoja. Na kwa kadiri mtu anavyozidi kuwa na umri mifereji huzidi kuwa myembamba, hata katika mzee huweza kuwa kama unywele.

MENO YA WATU WA NCHI MBALIMBALI

Liko jambo moja ambalo sisi wa Afrika ya Mashariki hatuna budi kulifikiri sana. Mizizi ya meno haifanani kwa watu wote. Miongoni mwa Wachina, gego la kwanza la chini mara nyingi huwa na mzizi wa tatu, na gego la pili la chini huweza kuwa na mfereji uliopinda kama mwezi mwandamo. Kwa Wazungu na kwa Waafrika mambo hayo mawili huonekana kwa nadra.

Lakini sisi nasi tuna yetu. Mwaka 1986 wataalamu wa Marekani walitoa habari za magego madogo ya chini ya watu 800, nusu yao weusi na nusu weupe. Kwa watu weupe, gego dogo la kwanza lilikuwa na mfereji zaidi ya mmoja katika jino moja kwa kila saba hivi. Kwa watu weusi ilikuwa karibu jino moja kwa kila matatu. Tofauti hiyo si ndogo. Daktari aliyefundishwa kwa vitabu vilivyoandikwa kutokana na meno ya Ulaya peke yake, akatafuta mfereji mmoja katika kinywa cha Mwafrika, atakosea mara nyingi bila kujua.

Kwa sababu hiyo twafurahi kuona kwamba kazi hii imefanywa hata karibu nasi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, waliyachunguza magego ya watu wa nchi yao kwa kutia wino ndani yake, wakatoa habari za magego ya juu mwaka 2007 na za magego ya chini mwaka 2009. Katika magego ya kwanza ya juu, mzizi uliokuwa na mifereji ya namna nyingi kuliko mingine ulikuwa ule ule wa mbele upande wa shavu. Basi huo si ugonjwa wa Ulaya wala wa Marekani. Ni maumbile ya mwanadamu, nasi tumo.

Kwamba hasara yake ni ya kweli, imepimwa pia. Mwaka 2016 huko Marekani zilitolewa habari za meno mengi yaliyokwisha tibiwa mizizi. Yale yaliyoachwa na mfereji usiosafishwa yalikuwa na ugonjwa katika ncha ya mzizi kiasi cha mara nne kuliko yale ambayo mifereji yake yote ilisafishwa.

JIBU LANGU KWA NDUGU KARANI

Basi ndugu yangu, swali lako la kwanza. Mimi sikuliona jino lako, kwa hiyo siwezi kumhukumu mtu. Lakini wewe mwenyewe umeandika kwamba ilisafishwa mizizi mitatu ya gego la juu. Yamkini uko mfereji wa nne. Yamkini pia sababu ni nyingine: labda jino limepasuka, au kizibo cha juu kimeachia na mate yameingia. Daktari aliyekosa kuona mfereji mwembamba kama uzi si lazima awe mwongo. Mwongo ni yule anayejua kuwa kazi haikutimia akakuambia imetimia. Usimtangazie mtu ubaya kabla ya kumrudia na kumwuliza.

Swali lako la pili. Usiling'oe kwa hasira. Kijipu hicho ni mlango wa usaha, nacho chaonyesha kwamba vijidudu vingali hai karibu na mzizi. Hakitapona kwa vidonge peke yake, maana dawa ya vidonge hupita katika damu, na ndani ya mfereji uliokufa hamna damu ya kuipeleka. Rudi kwa daktari, umwombe akupige picha tena, na nyingine ya upande. Ikiwa iko hospitali yenye eksirei ya kompyuta, ile inayoonyesha jino kutoka pande zote, au daktari atumiaye darubini ya kukuzia, ni bora zaidi. Mfereji ukipatikana, jino laweza kutibiwa tena. Ikiwa hauwezi kufikiwa kwa juu, mara nyingine daktari hupasua ufizi na kukata ncha ya mzizi. Lakini jino likiwa limepasuka mpaka mzizini, au likiwa limebaki kigae tu, hapo kung'oa ni haki.

Kwa hiyo rafiki zako hawakukosea katika methali. Walikosea katika kuitumia. Jino lenye mfereji mmoja uliosahauliwa si lazima liwe jino bovu. Tena gego likitoka, majirani yake huinama kuelekea pengo, na jino la taya ya pili lililokosa mwenzake huweza kusogea nje ya mahali pake. Mtu hung'oa moja, na baada ya miaka huona kutafuna kumekuwa kazi.

YATUPASAYO SOTE

Kwanza, usingoje maumivu yakome yenyewe. Mafuta ya karafuu hutuliza jino, na waganga wa meno wenyewe hutumia dawa itokayo katika karafuu, lakini hayasafishi mfereji. Wala usibandike kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwani huuchoma.

Pili, daktari akikuambia jino litatibiwa mzizi, mwulize kwa adabu: Jino hili lina mifereji mingapi? Utaangaliaje kama uko mwingine? Je, nitaona picha kabla na baada? Jino litavikwa nini mwisho wa kazi? Daktari mwema hachukizwi na maswali kama hayo. Mwulize pia gharama yote kabla ya kuanza, hata ile ya kofia, ili usiache kazi katikati.

Tatu, ukivimba chini ya taya, ukashindwa kumeza au kufungua kinywa, au pumzi ikawa nzito, usingoje asubuhi. Usaha wa jino huweza kuteremka shingoni na kuziba njia ya pumzi. Nenda hospitali saa ile ile.

Nne, wazazi na waangalie vinywa vya watoto. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wengi hudhani ni jino la utotoni, wakaliacha lioze wakisema litaota jingine. Halitaota jingine. Ndilo jino lile lile ambalo, baada ya miaka thelathini, huwa na mfereji uliojificha na gharama ya karo ya muhula mzima. Mswaki jioni na asubuhi, pamoja na dawa ya meno yenye floridi na sukari kidogo tu, ni rahisi kuliko tupa ya daktari.

Mwenye shamba hasemi amemaliza kuvuna mihogo kwa kuwa amekata majani. Hufukua mpaka aone mwisho wa mzizi. Daktari wa meno naye imempasa afanye hivyo, na mgonjwa imempasa kujua ya kutosha ili amwulize kama amefika mwisho.